Samaki wa Jina Moja, Koo Mbalimbali

Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norwe hujaa mashua za uvuvi. Anayefuatwa ni torsk, samaki mkubwa wa bahari zenye baridi mwenye udevu mmoja kidevuni, ambaye Wanorwe wamemkausha kwa upepo na kumuuza nchi za mbali kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 2017 wanasayansi walipima vinasaba vya mifupa ya samaki iliyofukuliwa Haithabu, bandari ya kale ya Waviking katika Ujerumani ya leo. Baadhi ya mifupa hiyo ilikuwa ya torsk waliotoka bahari za kaskazini ya mbali. Biashara hiyo ni ya zamani kuliko nchi nyingi za Ulaya.

Karibu na kijiji cha Henningsvær, katikati ya Lofoten, ruhusa ya kuvua imewahi kutegemea jibu la maabara. Samaki kadhaa walivuliwa kwanza, vipande vidogo vya miili yao vikapelekwa kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Norwe, nao wakasoma sehemu moja tu ya vinasaba. Walitaka kujua ni wangapi kati ya samaki hao ni skrei, yaani torsk wahamaji wanaokuja kutaga mayai kutoka Bahari ya Barents, na wangapi ni torsk wenyeji, ambao hukaa ghubani mwaka mzima. Wahamaji wakiwa wengi vya kutosha, eneo lilifunguliwa. Wenyeji wakizidi, nyavu zilibaki mashuani.

Kwa macho ya mnunuzi sokoni, wote ni torsk. Mtafiti wa Kinorwe Gunnar Rollefsen alionyesha mwaka 1933 kwamba vijiwe vilivyomo ndani ya masikio yao vinatofautiana kwa umbo, na kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuwatenga. Vinasaba vimekwenda mbali zaidi. Kwenye kromosomu ya kwanza, kipande kirefu cha vinasaba vya skrei kimegeuzwa kikilinganishwa na cha wenzao wa pwani, na humo mna jeni nyingi zinazorithiwa kwa pamoja bila kuchanganyika. Watafiti wanakihusisha kipande hicho na safari ndefu za skrei na uwezo wao wa kuzamia kwenye maji ya kina.

Skrei ni wengi kwa mbali kuliko torsk wa pwani. Torsk wa pwani wamepungua sana tangu miaka ya 1990. Wote wakihesabiwa kwa jina moja, jumla itapendeza hata pale wenyeji wa ghuba wanapokaribia kwisha. Hapo ndipo ulipo uzito wa habari hii yote. Sheria za uvuvi, takwimu za serikali na bei za sokoni huhesabu samaki kwa jina la spishi, ilhali ndani ya spishi moja mna koo zinazozaliana zenyewe kwa zenyewe, kila ukoo na mazalia yake, msimu wake na urithi wake.

Bahari isiyo na ua

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba samaki wa baharini hawana sababu ya kugawanyika. Nchi kavu ina milima, mito na majangwa ya kutenga wanyama. Baharini maji yameungana. Torsk jike mkubwa hutaga mamilioni ya mayai katika msimu mmoja, na mayai hayo huelea. Samaki wengi wa miambani nao huanza maisha wakiwa vifaranga wadogo wanaochukuliwa na mikondo kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kupata makazi. Kwa hesabu za urithi, hata wageni wachache tu wakiingia na kuzaana na wenyeji kila kizazi, tofauti nyingi kati ya pande mbili hufifia.

Vipimo vya kwanza vilielekea kuthibitisha imani hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walilinganisha protini za samaki kwa kuzipitisha kwenye jeli yenye umeme na kuangalia zilivyoachana. Mara nyingi samaki waliovuliwa mamia ya kilomita mbali walionekana kuwa kitu kimoja.

Wavuvi hawakushangaa kusikia baadaye kwamba kuna zaidi ya hayo. Popote pale duniani mvuvi mzoefu hujua kwamba samaki wa upande huu wana mafuta zaidi, wa upande ule huja mapema, wa mlango fulani ni wadogo hata wakikomaa. Baadhi ya tofauti hizo hutokana na chakula na joto la maji. Nyingine zimo ndani ya vinasaba, na kilichokosekana kilikuwa chombo cha kuzionyesha.

Kipande cha pezi

Kazi yenyewe huanza kwa mkasi. Mtafiti hukata ncha ya pezi, kipande kidogo kama ukucha, na kukitia kwenye kichupa chenye spiriti kali ili kisioze. Juu ya kichupa huandikwa namba, tarehe, mahali na kina cha maji. Samaki mwenyewe huendelea na safari yake, ama kurudi majini ama kwenda sokoni.

Maabarani, vimeng'enya humeng'enya nyama ile hadi DNA ibaki peke yake. Sehemu zinazotakiwa hunakiliwa na mashine mara nyingi hadi ziwe za kutosha kusomwa. Awali watafiti walipenda kusoma DNA ya mitokondria, ambayo samaki huirithi kwa mama tu. Ni fupi, rahisi na inaonyesha vizuri nasaba ya upande wa kike. Siku hizi husomwa maelfu ya sehemu za DNA inayotoka kwa baba na mama, na pengine jenomu nzima.

Kinachotafutwa si alama moja ya ajabu iliyo kwa ukoo mmoja na kukosekana kwa mwingine. Mara nyingi ni suala la uwiano. Tuseme kuna sehemu fulani ya jeni yenye sura mbili. Kwenye ghuba moja, samaki 90 kati ya 100 wana sura ya kwanza. Kwenye ghuba ya jirani wanayo 40. Sehemu moja kama hiyo yaweza kuwa bahati tu. Zikijitokeza mamia ya sehemu zinazosema neno lile lile, basi samaki wa ghuba hizo mbili hawaoani sana, au mazingira yao yanawachagua kwa namna tofauti.

Hivyo uanuwai wa vinasaba una tabaka mbili. Upo ule ulio ndani ya ukoo, yaani jinsi samaki mmoja anavyotofautiana na nduguye, na upo ule ulio kati ya ukoo na ukoo. Tabaka la kwanza humpa samaki nafasi ya kustahimili ugonjwa au joto jipya. La pili ni hazina ya mazoea ya mahali, iliyojengwa kwa maelfu ya miaka na isiyoweza kuhamishwa kwa urahisi kutoka ghuba moja hadi nyingine.

Heringi wa maji ya kahawia

Heringi, ndugu wa dagaa wa baharini, ndiye aliyeufungua mjadala huu zaidi kuliko samaki wengine. Mwaka 1898 Mjerumani Friedrich Heincke alichapisha matokeo ya kupima maelfu ya heringi mmoja mmoja, akihesabu pingili za uti wa mgongo na kupima sehemu za mwili, na akasema wamegawanyika katika makabila. Hata kabla yake, katika karne ya 18, Msweden Carl Linnaeus alikuwa amempa heringi wa Baltiki jina la pekee, kwa kuwa ni mdogo na hana mafuta mengi kama yule wa Atlantiki.

Kisha vikaja vipimo vya protini. Mwaka 1981 kundi la watafiti wa Sweden, akiwemo kijana Leif Andersson, lilitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba heringi wa Baltiki na wa Atlantiki hawana tofauti ya maana. Yalikuwa matokeo ya kutatanisha. Maji ya Atlantiki yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo. Sehemu za kaskazini kabisa za Baltiki zina gramu mbili au tatu tu. Inakuwaje samaki yule yule azaliane kotekote bila kubadilika?

Andersson, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alilirudia swali lile lile miongo mitatu baadaye akiwa na uwezo wa kusoma jenomu nzima. Sehemu kubwa ya jenomu ilithibitisha matokeo ya zamani: heringi wa pande zote mbili karibu wanafanana. Lakini katikati ya ufanano huo kulikuwa na mamia ya sehemu zilizoachana waziwazi. Baadhi zilihusu jinsi mwili unavyokabili chumvi. Nyingine zilihusu majira ya kutaga mayai, kwani kuna heringi wa majira ya kuchipua na heringi wa majira ya kupukutika, na jeni inayohusika na kuupa mwili habari za urefu wa mchana ni miongoni mwa zilizotofautiana zaidi.

Mfano mmoja unapendeza zaidi kwa sababu unaonekana moja kwa moja katika maisha ya samaki. Maji ya Baltiki yana rangi ya kahawia, kwa kuwa mito huleta mabaki ya mimea kutoka misituni na kwenye vinamasi. Mwanga wa buluu hufa upesi katika maji hayo. Unaopenya ni mwanga ulioelekea kwenye wekundu. Heringi wa Baltiki wana badiliko dogo katika protini ya jicho inayonasa mwanga hafifu, badiliko la kiungo kimoja tu, cha 261, linalolifanya jicho lione vizuri zaidi katika mwanga wa aina hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba badiliko hilo hilo limejitokeza mara nyingi, kila mara kivyake, na takriban theluthi ya samaki wa maji baridi na maji ya chumvi kidogo waliochunguzwa wanalo.

Kwa hiyo wingi wa samaki hauzuii koo kutofautiana. Heringi ni wengi mno hata bahati nasibu ya urithi haina nguvu ya kuwatenga, ndiyo maana sehemu kubwa ya jenomu hufanana. Pale mazingira yanapomchagua mmoja na kumwangusha mwingine, wingi ule ule huifanya kazi ya uteuzi kuwa kali na sahihi.

Mkunga asiye na kabila

Si kila samaki aliyegawanyika. Mkunga wa Ulaya hukulia katika mito na maziwa kuanzia Norwe hadi Moroko na Misri, maji yanayotofautiana kwa kila kitu. Mtu angetarajia kukuta koo nyingi. Lakini mkunga akikomaa huacha mto wake, huingia baharini na kusafiri maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Sargasso, upande wa pili wa Atlantiki. Mdenmaki Johannes Schmidt aliyatafuta mazalia hayo tangu 1904, akifuata vifaranga wanaozidi kuwa wadogo kadiri meli ilivyokwenda magharibi, na mwaka 1922 akatangaza alichokipata.

Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba mikunga wote wa Ulaya ni ukoo mmoja. Hukutana Sargasso, huzaana bila kubagua, na vifaranga hurudishwa na mikondo popote itakapowapeleka. Mkunga anayekulia katika delta ya Nile hana mto wa mababu zake. Wazazi wake huenda walikulia Ireland.

Matokeo ya kiutawala ni makubwa. Idadi ya vifaranga wa mkunga wanaofika pwani za Ulaya imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 ikilinganishwa na hali ilivyokuwa kabla ya miaka ya 1980, na hakuna nchi inayoweza kuwaokoa mikunga wake peke yake, kwa kuwa haina walio wake. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama ziwe na mipango ya kuhakikisha mikunga wazima wa kutosha wanaachwa waende baharini. Kwa torsk wa ghuba, uamuzi sahihi hufanywa ghubani. Kwa mkunga, bara zima linapaswa kukaa meza moja.

Kinachopotea bila kuonekana

Samoni wekundu wa Ghuba ya Bristol, Alaska, huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga katika mto au ziwa lile lile walimozaliwa. Kwa sababu hiyo ghuba hiyo moja ina mamia ya koo. Kuna zinazostawi miaka ya baridi na zinazostawi miaka ya joto. Kuna za mito yenye kina kifupi na za kando za maziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipitia kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 na mwaka 2010 wakaeleza kwa hesabu faida ya wingi huo wa koo. Lau samoni wote wangekuwa ukoo mmoja, kupanda na kushuka kwa mavuno kungekuwa zaidi ya maradufu ya ilivyo, na uvuvi ungelazimika kufungwa mara kumi zaidi. Mkulima aliyepanda mahindi, mtama na muhogo katika shamba moja anaifahamu hesabu hiyo: mvua ikikosea zao moja, jingine hulisha nyumba.

Hasara ni ngumu kuiona inapotokea. New Zealand, watafiti walifungua bahasha za magamba ya samaki mwekundu wa jamii ya changu yaliyokusanywa katika Ghuba ya Tasman tangu 1950, wakayalinganisha na ya samaki wa miaka ya 1990. Uanuwai ulikuwa umepungua. Mamilioni ya samaki walikuwa bado wakiogelea ghubani humo, lakini kwa upande wa urithi walikuwa sawa na kundi la mamia tu, kwa kuwa wazazi wachache walifanikiwa kuacha vizazi na wengi waliambulia patupu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2002, yalivunja dhana kwamba samaki walio wengi hawawezi kupoteza vinasaba vyao.

Uvuvi wenyewe nao huchagua. Mwaka huo huo wa 2002, Wamarekani David Conover na Stephan Munch walieleza jaribio walilofanya kwa samaki mdogo wa pwani ya Atlantiki, Menidia menidia. Katika matangi ya kundi la kwanza waliondoa samaki wakubwa, asilimia 90, wakabakiza wadogo wazaane. Katika kundi la pili waliondoa wadogo. Baada ya vizazi vinne, uzito wa mavuno ya kundi lililopoteza wakubwa ulikuwa karibu nusu ya lile jingine. Hawakunyimwa chakula. Walikuwa wamerithi ukuaji wa polepole. Kila wavu unaoacha wadogo na kubeba wakubwa pekee unafanya kazi ya aina hiyo, japo kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha Newfoundland, Kanada, ambako uvuvi wa torsk ulifungwa Julai 1992 na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Baada ya hapo, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba torsk waliokuwa wakikaa kwenye ghuba za pwani wakati wa baridi walitofautiana na wale wa bahari kuu. Makundi ya bahari kuu yalipokuwa yametoweka, mkusanyiko mkubwa uliobaki ulikuwa ndani ya ghuba. Mtu aliyesoma jumla pekee asingejua ni nani aliyebaki, wala kwamba waliobaki si lazima watoke kwenda kujaza nafasi za waliokwisha.

Silikanti wa Tanga

Afrika Mashariki ina mfano wake, tena wa samaki maarufu kuliko wote. Silikanti alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria hadi Desemba 1938, meli ya uvuvi ilipomleta mmoja bandari ya East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la mji huo akatambua kwamba hajawahi kumwona samaki wa namna hiyo. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walimfahamu siku zote kwa jina la gombesa. Tangu hapo Komoro zikahesabiwa kuwa nyumbani kwake, na kila aliyenaswa kwingine alichukuliwa kuwa mpotevu aliyesombwa na maji.

Mwaka 2001 alivuliwa mmoja nje ya Malindi. Mwaka 2003 akapatikana mwingine upande wa Kilwa. Kisha Tanga ikaanza kutoa silikanti kwa makumi, wengi wakinaswa na jarife zilizotegwa maji ya kina kwa ajili ya papa. Wapotevu gani hao wanaokuja kwa makumi? Kamera zilizoteremshwa kwa mashine isiyo na mtu ziliwaona tisa wakiwa hai katika maji ya Tanzania.

Watafiti wa Japani na wa Tanzania walisoma DNA nzima ya mitokondria ya silikanti 21 wa Tanzania na wawili wa Komoro, wakailinganisha na kumbukumbu zilizokuwepo. Jibu lilitangazwa 2011. Silikanti wa kusini mwa Tanzania hawakutofautiana na wa Komoro. Wale wa Tanga walikuwa ukoo mwingine, na mgawanyiko kati ya koo hizo ulikadiriwa kuanza angalau miaka 200,000 iliyopita.

Maelezo yaliyotolewa yanahusu mkondo. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi, hugonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini. Jingine hupanda kaskazini kupita Kilwa, Mafia na Unguja hadi Tanga na Kenya. Kusi ikivuma, maji hukimbia. Kaskazi ikiingia, hupunguza mwendo, lakini pwani ya Tanzania mwelekeo hubaki wa kaskazini. Samaki wa Tanga kurudi kusini ni kupingana na maji hayo. Silikanti si mwogeleaji wa kasi. Mchana hujikalia mapangoni, na hatagi mayai ya kuelea, kwani huzaa watoto walio hai.

Uzazi huo una uzito wake. Jike aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni, na vinasaba vilionyesha kwamba wote walikuwa wa baba mmoja. Uchunguzi wa magamba uliotangazwa 2021 ulikadiria kwamba silikanti hufikia umri wa karibu miaka 100, hukomaa akiwa na miaka 55 hivi na hubeba mimba kwa miaka mitano. Ukoo wa namna hiyo ukipoteza majike kumi, kuziba pengo kutachukua muda mrefu kuliko maisha ya mvuvi.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009, miaka miwili kabla ya matokeo ya vinasaba. Matokeo hayo yameipa hoja nzito zaidi. Silikanti wa Komoro hata wakilindwa wote, hawatoshi kuwa badala ya wa Tanga.

Chewa wa mwambani, jodari wa bahari kuu

Kwa wavuvi wengi wa pwani hii, hata hivyo, kitoweo ni tasi, changu, pono na chewa. Swali lao kuhusu maeneo yaliyofungwa ni la haki: mwamba ukifungwa, samaki wake watatufikia sisi tulio nje? Vinasaba vimelijibu swali hilo kwingineko. Katika visiwa vya Keppel, Australia, watafiti walikata vipande vya mapezi ya chewa na changu wakubwa ndani ya maeneo yaliyolindwa, kisha wakawakamata samaki wachanga pande zote na kuwapima kama ni watoto wa wale. Mwaka 2012 walieleza kwamba maeneo yaliyofungwa, asilimia 28 tu ya miamba ya hapo, yalitoa takriban nusu ya samaki wachanga waliopatikana ndani ya kilomita 30. Wengi wa wachanga hao walikuwa wamekaa kwenye miamba inayovuliwa.

Kipimo kama hicho kingefaa kwa Mafia, hifadhi ya bahari tangu 1995, kwa mwamba wa Chumbe huko Zanzibar, au kwa eneo dogo ambalo wanajamii wa Kuruwitu, Kilifi, walilifunga wenyewe na kuliita tengefu. Badala ya kubishana kwa maneno, kijiji kingeonyeshwa watoto wa chewa wa tengefu wamefika miamba ipi. Na kama hawafiki, mipaka ingesogezwa.

Kwenye bahari kuu jambo hilo ni la mataifa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, hupima wingi wa jodari wa mapezi ya njano kama kundi moja kutoka Afrika hadi Indonesia na Australia. Nchi kadhaa zilianza mwaka 2017 mradi wa pamoja wa kukusanya sampuli za jodari, sulisuli na papa wa bahari hii ili kuchunguza kama hesabu ya kundi moja inaafiki urithi wao. Jibu lina uzito wa fedha, maana ndilo msingi wa kugawa viwango vya kuvua: tani zilizozuiwa upande mmoja wa bahari huwasaidia wavuvi wa upande wa pili ikiwa tu samaki ni wale wale.

Hata idadi ya samaki sasa inaweza kupatikana kwa vinasaba. Jodari wa kusini hutaga mayai mahali pamoja tu duniani, katika Bahari ya Hindi kusini mwa Java, na watoto wao hukulia pwani ya kusini ya Australia. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilipima samaki wapatao 14,000, wakubwa waliopokelewa Indonesia na wadogo waliovuliwa Australia, likitafuta wazazi na watoto wao. Lilipata jozi 45. Hesabu ni hii: wazazi wakiwa wachache baharini, jozi huwa nyingi katika sampuli, wakiwa wengi, jozi huwa adimu. Makadirio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha wakubwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na njia hiyo imeingizwa katika kupanga viwango vya kuvua.

Kazi ya namna hiyo haihitaji meli ya utafiti kila siku. Inahitaji mtu aliyefunzwa katika soko la samaki, kwa mfano Feri jijini Dar es Salaam, au kwenye diko la Tanga, Shimoni au Malindi, mwenye mkasi, vichupa vya spiriti na daftari la kuandika samaki alivuliwa wapi hasa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu wavuvi hawapendi kutaja mahali pao pa kuvua, na kichupa kisicho na mahali hakina kazi. Huko Norwe torsk aliyepimwa huuzwa kama kawaida. Chewa na jodari wa hapa nao, baada ya kupoteza ncha ya pezi, bado wangepigiwa mnada asubuhi ile ile.